Nani Alimnyonga Songea?

Zoezi lenyewe unalijua. Kila aliyepita shule ya msingi nchi hii amelifanya, na wengi tumeendelea nalo mpaka sekondari. Mwalimu anaandika ubaoni maneno ya Kiingereza yaliyovurugwa, kayatenganisha kwa mikwaju, halafu anaagiza: yapangeni yawe sentensi yenye maana. Baada ya dakika kumi madaftari yanakusanywa, kalamu nyekundu inapita, vema, kosa, kosa, vema. Basi, mtoto kafanya mazoezi ya mpangilio wa maneno.

Mimi nasema zoezi hili halifundishi mpangilio wa maneno wa Kiingereza hata kidogo. Linapima kama mtoto tayari anaujua, na mara nyingine hata hilo halipimi. Kwa mtoto wa mahali kama Mapera, huko Mbinga, linafanya ubaya zaidi, kwa sababu linamwambia kwamba alichokuja nacho darasani, yaani lugha mbili anazozimudu vizuri kabisa, kiachwe mlangoni pamoja na matope ya viatu.

Chukua mfano huu, nimeutoa kwenye daftari la msichana wa darasa la sita nililoonyeshwa Mapera. Maneno yalikuwa "yesterday / mother / to / went / market / the". Binti kaandika "Yesterday mother went to the market." Kosa. Sahihisho likaandikwa pembeni: "Mother went to the market yesterday." Sasa jamani, kosa liko wapi? Mwingereza anasema yote mawili. Tofauti yake ni ile ile iliyopo kati ya "Jana mama alikwenda sokoni" na "Mama alikwenda sokoni jana": unataka msikilizaji aanze na nini. Binti alikuwa amefanya uamuzi wa mwandishi. Alichojifunza siku ile ni kwamba uamuzi wa namna hiyo haumhusu.

Kwenye ukurasa uliofuata kulikuwa na jingine, tamu zaidi: "the / boy / bit / dog / the". Hapa kuna majibu mawili, yote Kiingereza safi. Mbwa kamuuma mvulana, au mvulana kamuuma mbwa. Vema hupewa la kwanza, kwa hiyo kinachopimwa pale si sarufi bali ni tabia za mbwa.

Simlaumu mwalimu. Mwenye watoto sabini mbele yake na vitabu vya kugawana watoto watano watano hana anasa ya kusoma insha sabini kila wiki. Maneno yaliyovurugwa ni rahisi kuandika ubaoni na ni rahisi kusahihisha, na huwa yanatoa alama za kujaza kwenye kitabu cha maendeleo. Mtihani nao unamsukuma huko huko. Tangu mwaka 2012, mtihani wa darasa la saba ulipoanza kutumia zile fomu za kusiliba, mtoto aliweza kumaliza somo la Kiingereza bila kuandika sentensi hata moja ya kwake. Sehemu ya "utungaji" ilikuwa kupanga sentensi za mtu mwingine kwa herufi A, B, C, D. Huo nao tuliuita utungaji. Na programu za simu za kujifunzia lugha, ambazo vijana wa mjini wanazisifia, nyingi zimechukua mchezo ule ule na kuutia rangi: maneno yamekaa kwenye vigae, unabonyeza kimoja kimoja, ukipatia kengele inalia.

Turudi Mapera. Ni kata ya milimani, Umatengo, mkoa wa Ruvuma. Kuna kahawa, mahindi, maharage, na kwenye miteremko mikali kuna zile ngoro ambazo wataalamu wa kilimo wametoka mbali kuja kuzitazama. Nyasi hulazwa kwanza kwa mistari inayokatana, ndipo udongo unafukuliwa katikati na kufunika nyasi, mpaka mlima mzima unakuwa na mashimo kama sega la nyuki. Mtoto wa pale anajua mapema kwamba mpangilio una sababu yake: bila hivyo mvua itashuka na shamba. Na sijasikia mzazi anayemfundisha mtoto ngoro kwa kumkabidhi gunia lililochanganywa nyasi na udongo, akamwambia haya, panga.

Nyumbani mtoto huyu anasikia Kimatengo. Kiswahili anakiingia angali mdogo, na siku hizi kinazidi kuingia mpaka ndani ya Kimatengo chenyewe. Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Hili peke yake lingetosha kutufanya tuulize: mtu aliyekwisha kujenga sentensi kwa lugha mbili, anahitaji kufundishwa nini hasa kuhusu ya tatu?

Bahati nzuri kuna mtu aliyefanya kazi ya kulijibu swali lililo jirani na hilo. Nobuko Yoneda, mwanaisimu wa Japani, ameshughulika na Kimatengo kwa miaka mingi. Mwaka 2006 alitoa msamiati wa lugha hiyo, na mwaka 2011 jarida la Lingua likachapisha makala yake juu ya mpangilio wa maneno wa Kimatengo. Ukiondoa istilahi, anachosema ni hiki: katika Kimatengo neno halipati nafasi yake kwa kuwa ni kiima au shamirisho. Linapata nafasi kutokana na habari. Kile tunachokizungumzia, ambacho msikilizaji anakifahamu, kinatangulia kitenzi. Kile kilicho kipya, ndiyo hasa habari yenyewe, kinakaa mara baada ya kitenzi.

Kiswahili chetu nacho kina tabia hiyo, ingawa vitabu vya shule haviitaji. "Amekuja nani?" "Amekuja baba." Hakuna anayejibu "Baba amekuja" kwa swali hilo isipokuwa ana haraka au amekereka. Sasa mtoto wa Mapera akiulizwa kwa Kiingereza nani amekuja, akaandika "Came father", tunacheka. Lakini yule mtoto hajatupa maneno ovyo kama karanga. Amefuata kanuni, kaifuata vizuri, kanuni ya lugha mbili kati ya tatu alizonazo. Ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba Waingereza kanuni hiyo wameiacha, na kwa nini.

Kwa nini, ndilo jambo lenyewe. Hebu nitumie mfano wa hapo hapo Ruvuma, wenye uzito kuliko mbwa na mvulana. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vilipokuwa vimekwisha kuwaelemea Wangoni, Wajerumani walimnyonga Nduna Songea Mbano. Mji wa Songea unabeba jina lake, makumbusho ya vita hivyo yapo pale pale mjini, na hakuna mtoto wa mkoa ule asiyeijua habari hiyo. Kwa Kiswahili anaweza kuisema hivi:

Wajerumani walimnyonga Songea.
Songea, Wajerumani walimnyonga.
Walimnyonga Wajerumani, Songea.
Songea walimnyonga Wajerumani.

Mipangilio minne, na hakuna hata mmoja unaokufanya udhani kwamba Songea ndiye aliyeshika kamba. Ulinzi uko ndani ya kitenzi: "wa" inawatazama Wajerumani, "m" inamtazama Songea. Kwa sababu kitenzi chenyewe kimebeba ushahidi, majina yako huru kutembea, na tunautumia uhuru huo kusema kitu. Sentensi ya pili ni ya anayesimulia maisha ya Songea. Ya tatu inamjibu anayeuliza waliofanya unyama huo ni akina nani.

Ipeleke ya nne kwa Kiingereza neno kwa neno. Inakuwa "Songea hanged the Germans." Sarufi haina kasoro. Historia imepinduka. Mtoto aliyesimuliwa habari hii na babu yake, anayeijua kuliko mwalimu aliyetoka mkoa mwingine, anapata sifuri katika mtihani wa historia, tena kwa jambo ambalo kwake halina utata wowote. Kwa miaka mingi, kuanzia kidato cha kwanza mtoto kama huyu historia yake yote aliiandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mpangilio wa maneno ni "mambo madogo ya sarufi", namuonyesha kamba hii. Katika Kiingereza, nafasi ya neno ndiyo inayosema nani kanyonga na nani kanyongwa.

Haikuwa hivyo siku zote. Kiingereza cha kale, kile cha kabla Wanormandi hawajavuka bahari mwaka 1066, kilikuwa na miisho ya nomino iliyoonyesha nani katenda na nani katendwa, na maneno yake yalikuwa na uhuru unaofanana na wetu. Miisho ile ikalika polepole, karne kwa karne, mpaka ikabaki mabaki tu kama "he" na "him". Ulinzi ulipoondoka, foleni ikawa lazima. Mwingereza anapanga maneno kwa mstari mmoja kwa sababu hana tena kitambulisho cha kuyavalisha. Ukimweleza hivyo mtoto wa miaka kumi na mbili, kwa Kiswahili, anaelewa kabla ya mapumziko ya chai. Tena anaelewa akiwa na kichwa juu, maana anagundua kwamba lugha yake ina kitu ambacho Kiingereza kilikipoteza.

Mengine ni mepesi zaidi. "Vitabu vipya vitatu", "three new books": weka kioo katikati, upande mmoja ni taswira ya upande wa pili. Kisha mtahadharishe kwamba kioo kina ufa, kwani "vyangu" kwa Kiswahili inang'ang'ania nomino, "vitabu vyangu vipya vitatu", wakati "my" ya Kiingereza inakimbilia mwanzo kabisa wa mstari. Muonyeshe "kila": tunasema "kila mtoto", hatusemi "mtoto kila", kwa hiyo kuweka kitu mbele ya nomino si uchawi wa kizungu, tunalo neno letu (la asili ya Kiarabu, sawa, lakini letu) linalofanya hivyo kila siku. Maswali ndiyo yanayotaka muda. Sisi neno la kuuliza tunaliacha pale pale jibu litakapokaa: "Unatafuta nini? Natafuta jembe." Nini, jembe, kiti kile kile. Mwingereza analing'oa neno la kuuliza na kulipeleka mwanzo, kisha anageuza kitenzi kisaidizi kuruka kiima, na kama hana kitenzi kisaidizi anaazima "do", neno ambalo pale halina maana yoyote ila kushika nafasi. Hiki ni kituko, na mtoto anastahili kuambiwa kuwa ni kituko. Tunachofanya ni kumwandikia kosa jekundu kwa "You are looking for what?" na kumwacha adhani akili yake ndiyo ina hitilafu.

Ila sasa, maelezo hayo yote yanahitaji Kiswahili ndani ya kipindi cha Kiingereza, na hapo ndipo tunapokutana na kile kibao cha mlangoni kinachoamuru watu waseme Kiingereza tu. Vibao hivyo vilianza kama fahari ya shule za mchepuo wa Kiingereza, leo unavikuta hata kwenye shule za serikali ambako mwalimu mwenyewe akishavipita anaendelea na Kiswahili chake. Mantiki yake ni kwamba ukimfungia mtoto lugha anazozijua, ile asiyoijua itajitokeza. Haijitokezi. Kinachojitokeza ni ukimya.

Na msije mkanitafsiri vibaya. Wazazi wa Mapera wanataka watoto wao wajue Kiingereza, wana haki, na mimi nakitaka pamoja nao. Mzozo wetu wa kitaifa juu ya jambo hili una umri mkubwa kuliko wangu. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali ikabadili mawazo. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakapima hali ya Kiingereza shuleni, wakakuta ni mbaya mno kiasi kwamba masomo mengine hayawezi kufundishika vizuri kwa lugha hiyo, halafu wakashauri kiendelee kufundishia hivyo hivyo huku kikiimarishwa. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekuwa akisema kwa miaka mingi kitu ambacho hakihitaji shahada kukielewa: kufundisha Kiingereza vizuri ni kazi moja, kufundishia fizikia kwa Kiingereza ni kazi nyingine, na ya pili haileti ya kwanza. Nakubaliana naye kwa kila neno. Ila naongeza kwamba hata wanaompinga, wanaotaka Kiingereza kuanzia chekechea, wangepaswa kulichukia zoezi la kupanga maneno, kwa sababu linawaangusha wao kwanza.

Hoja ninayorushiwa mara nyingi, na watu wenye Kiingereza kizuri kweli, ni kwamba mtoto akifundishwa kwa kulinganisha ataendelea kufikiri kwa Kiswahili na "kutafsiri kichwani". Lakini anatafsiri kichwani sasa hivi! Anafanya hivyo gizani, peke yake, kwa kubahatisha. Ninachoomba ni kwamba kazi hiyo itolewe mezani, ifanyike mchana kweupe, mwalimu akiwapo. Mwalimu Nyerere alikuwa tayari Rais wakati tafsiri yake ya Julius Caesar ilipotoka mwaka 1963. Hakuiacha hapo, akairudia, na mwaka 1969 ikatoka Juliasi Kaizari, mwaka mmoja na Mabepari wa Venisi. Kiongozi mwenye nchi changa ya kuendesha alikaa kuhangaika neno gani la Shakespeare likae wapi kwa Kiswahili. Sidhani kuna aliyewahi kumwambia kwamba kutafsiri kutamharibia Kiingereza.

Kuna gharama nyingine, na hii inatuhusu sisi wa fasihi moja kwa moja. Mtoto aliyefundishwa kwamba maneno yana mpangilio mmoja tu ulio sahihi, na mwenye mpangilio huo ni mtu mwingine, akikua anaandika Kiswahili kwa woga ule ule. Nafanya kazi kwenye vyumba vya habari, nauona kila siku. "Hii inakuja siku moja baada ya waziri kusema..." Nini kinakuja? Kimetoka wapi? "Mwisho wa siku" inatajwa saa tatu asubuhi. Miswada ya riwaya ninayopewa na marafiki ina kurasa nzima ambamo kila sentensi inaanza na kiima, kitenzi, kitu, kiima, kitenzi, kitu, kama gwaride la Saba Saba. Hakuna "Kaja mtu", hakuna "Barua hiyo hakuisoma". Uhuru ule wa Songea na Wajerumani umekufa mikononi mwa watu wenye shahada ya Kiswahili. Bibi wa Mapera anayesimulia hadithi jioni bado anao, maana hakuwahi kuvurugiwa maneno ubaoni.

Basi nifanye nini badala yake, ndilo swali ambalo mwalimu wa Mapera ana haki ya kuniuliza. Jibu langu ni kusoma, kwa lugha mbili, ukurasa kwa ukurasa. Na kitabu kipo. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969, tamthilia ya Majimaji, na mwaka uliofuata tafsiri ya Kiingereza ikatoka, kaifanya yeye mwenyewe. Fikiria hilo: mwandishi yule yule, kisa kile kile ambacho Ruvuma inakijua kwa makovu, mara moja kwa mpangilio wetu na mara moja kwa mpangilio wao. Weka nakala mbili mezani. Soma mazungumzo ya wahusika wawili kwa Kiswahili, kisha ya upande wa pili, na waulize watoto neno hili limehamia wapi, na limehama kwa sababu gani. Wape sentensi moja waipeleke wenyewe kabla hawajaona Hussein alifanyaje. Watakosea, na makosa yao yatakuwa na maana, yanayoweza kujadiliwa kipindi kizima. Aliye na Kimatengo aseme na kwa Kimatengo ingekaaje, mwalimu asiyekijua akae kimya asikilize.

Wala kanda ile si jangwa la vitabu kihistoria. Kati ya Mbinga na Songea kuna Peramiho, ambako Wabenediktini wamechapa vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi, na jina la Benedictine Publications Ndanda–Peramiho wengi wenu mnalo kwenye rafu nyumbani. Lakini nilipopita Mbinga mjini nikaingia kwenye maduka matatu ya vifaa vya shule kuulizia. Kulikuwa na madaftari, kalamu, seti za hisabati, kamusi ndogo za mfukoni, na rundo la vitabu vya maswali na majibu ya mitihani iliyopita, vyenye maneno yaliyovurugwa kurasa kwa kurasa. Kinjeketile haikuwapo, ya Kiswahili wala ya Kiingereza. Muuza duka la tatu aliniuliza kama ni dawa ya kahawa.